Jiwe Ndani ya Mtumbwi wa Eda

Vijana wa karakana, mliniomba niandike mambo ya kazi kabla hayajanitoka kichwani. Neema ndiye aliyesisitiza, akaniletea na daftari jipya hapa nyumbani Nkuhungu, kana kwamba mtu akistaafu hata madaftari yanamwishia. Sitawaandikia nilipandishwa cheo lini. Hayo yako kwenye jalada langu, na jalada lenyewe limeshapotea mara mbili. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha, na kile chombo mnachokiita "reki ya Mama Mwanaidi". Kuhusu chombo hicho kuna jambo nimelinyamazia miaka mingi, na hata siku mliponiaga kwa pilau na hotuba niliona haya kulisema. Nilikaa pale mbele nimevishwa shada la maua, nikitamani yule mhutubiaji apaliwe walau kidogo.

Niliingia karakana ya Kizota nikiwa na miaka ishirini na mbili, nina cheti cha uchomeleaji na ovaroli ya mwanamume aliyenizidi kwa kila upande. Mikono niliikunja mara tatu. Mlinzi wa getini aliniuliza kama nimewaletea mafundi chakula. Nilipomwambia fundi ni mimi, alicheka kwa adabu, akaenda kumwita Mzee Lameki.

Mzee Lameki alikuwa fundi mkuu, Mgogo, mwimbaji wa kwaya kanisani kwake, na kwa kuwa sauti yote aliimalizia huko, kazini alisema maneno machache mno. Hakuniuliza cheti. Alinipa kipande cha chuma bapa na tupa, akasema, "Kanyooshe." Nilipiga tupa kutwa nzima. Jioni akakiinua kipande dirishani, akakibana na rula ya chuma, akaangalia katikati yake. "Mwanga unapita," akasema, akaenda zake. Kwa wiki mbili hayo ndiyo mazungumzo tuliyokuwa nayo. Siku mwanga ulipoacha kupita, akasema, "Sasa kashike mashine."

Kwake nilijifunza kushikiza pembe zote nne kwanza kabla ya kuchomelea hata moja, maana chuma kikipata moto kinajikunja kitakavyo. Nilijifunza kuanza kupima kwenye kumi badala ya sifuri, kwa sababu ndoano ya tepu ya karakana huwa imeshapigwa nyundo na mtu asiyejulikana. Nusu ya milango ya Kizota isiyofunga ilipimwa kuanzia sifuri. Na nilijifunza desturi moja ya karakana yetu ambayo ninyi hamkuikuta. Sisi asili yetu ni plau za ng'ombe na matoroli, na kila tulichotengeneza kilipelekwa Ihumwa, kwenye kile kishamba chetu ng'ambo ya reli, kikavutwa ardhini mbele ya mafundi wote. Kikivutwa Ihumwa bila kupinda, kimefaulu. Hatukuwa na mtihani mwingine.

Jambo jingine nililojifunza hakunifundisha yeye. Kila kiungo kilipopasuka, kulikuwa na sauti kutoka upande wa mashine ya kukatia: "Hiyo itakuwa ya Mwanaidi." Mara nyingi haikuwa yangu. Ilipokuwa ya fundi mwenzangu Shabani, watu walisema Shabani leo ameamka vibaya. Ilipokuwa yangu, walisema ndiyo maana wanawake hawafai kwenye kazi hizi. Nikazoea kuogopa kosa kuliko ninavyoogopa moto. Siandiki haya ili mnionee huruma. Naandika ili mjue nilikuwa na nini kifuani siku ile ya kikao, kwa sababu nafasi ya kusema kweli niliipata na nikaiacha ipite.

Ofisi zilipoanza kuhamia Dodoma, kazi nazo zikafuata ofisi. Siku moja ikaja barua ikitaka tutengeneze zana za uvuvi. Mafundi walicheka mpaka wakaweka nyundo chini. Sisi watu wa Dodoma, ambao mvua ikinyesha siku mbili mfululizo tunapigiana simu kupeana habari! Lakini kusini kuna bwawa kubwa, na humo, ukiacha perege na kambale, kuna makombe. Kombe ni kiumbe laini kinachoishi ndani ya magamba mawili yanayofunga na kufunguka, kimejifukia kwenye tope. Wanawake wa kule walikuwa wakiingia maji ya kiunoni, wanayapapasa kwa nyayo, wanainama na kuokota. Nyama waliikausha, magamba yakaenda kwa wasagaji wa chakula cha kuku, maana kuku wa mayai asipopata magamba hutaga yai teketeke lisilofika sokoni.

Wafugaji wa kuku walipoongezeka mjini, mikono haikutosha tena. Watu wakaanza kuvuta reki nyuma ya mitumbwi: fremu ya chuma, meno marefu ya nondo mbele, kapu nyuma. Reki zile zilikuwa balaa. Zilivunja makombe machanga ambayo hata bata hana kazi nayo, zikatifua tope likafunika mahali perege wanapotagia. Barua ilitaka reki itakayochukua makubwa, iache machanga, na isiiguse sakafu ya bwawa zaidi ya inavyolazimu. Mkubwa wetu akanikabidhi kazi hiyo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupewa kitu kuanzia karatasi tupu, na nilirudi nyumbani kwa miguu ili furaha isiishe haraka.

Kabla ya kuchora nilikwenda bwawani mara moja. Kijiji sitakitaja, wamesemwa vya kutosha. Kulikuwa na kikundi cha wanawake chenye kibali cha kuvuna makombe, mwenyekiti wao Mama Nyemo, mama wa makamo aliyeendesha kikao kama hakimu. Mtumbwi waliotumia ulikuwa wa mwenzao aitwaye Eda, mwanamke mwembamba wa rika langu, aliyekuwa akiniangalia viatu. Nilipima makombe kwa venia, kile kipimio chetu cha unene, makubwa na machanga, nikaandika unene wa kila moja, nikiwa nimekaa ukingoni kwenye gogo.

"Huingii majini, fundi?" Eda akaniuliza.

"Sikuja na nguo za kubadili," nikasema.

Kweli yenyewe ni kwamba sijui kuogelea, na sikutaka kulowa mbele ya watu waliokuja kumshangaa fundi mwanamke. Nilikaa pale saa mbili, nikarudi mjini na namba zangu, nikiona nimemaliza utafiti.

Reki niliyoitengeneza ilikuwa nzuri kuitazama. Nafasi kati ya fito za kapu niliipima kwa unene wa kombe changa, ili machanga yapite yaanguke. Meno niliyafupisha yakawa urefu wa kidole. Fremu niliifanya nzito, ya chuma cha pembe, ili itulie chini isirukeruke. Tukaipeleka Ihumwa kama desturi. Tulimwaga gunia la makombe ardhini, makubwa kwa madogo, tukaifunga reki nyuma ya pawatila, trekta letu dogo la mkono. Ardhi ya Ihumwa wakati wa kiangazi mnaijua, jembe likidondoka linaruka. Meno yaliingia upana wa vidole viwili tu, makubwa yakabaki kapuni, machanga yakapita. Mafundi walipiga makofi, Shabani akiwemo.

Mzee Lameki alikuwa kwa mkataba wa baada ya umri, amebakiza miezi michache astaafu kabisa. Alichuchumaa kwenye ule mfereji mdogo uliochorwa na meno, akaushika.

"Mwanaidi, huko chini ya maji udongo ukoje?"

"Udongo ni udongo, mzee."

"Umeushika?"

"Nimeuona."

Alijifuta mikono kwa tambara. "Haya," akasema. "Kazi ni yako."

Tuliwapelekea kina Mama Nyemo reki tatu, na mimi nikaandika kwenye ripoti kuwa inaingia vidole viwili. Hazikupita wiki nyingi Eda akanipigia simu. Alisema nije, na nije na kanga. Nikaenda. Alinikuta ukingoni, akanisalimu "Mbukwenyi" kwa makusudi, akijua sisi wa mjini jibu la Kigogo tunalibabaisha, kisha akaingia majini mpaka mapajani na kugeuka.

"Shuka, dada."

"Nitalowa."

"Utakauka. Shuka."

Nikashuka. Akanishika kiganja, akakisukuma chini kwenye tope. Mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko bila kukutana na kitu chochote cha kuuzuia. Tope lilikuwa jepesi, la uvuguvugu, halina hata punje ya changarawe.

"Umegusa chini?" akaniuliza.

"Bado."

"Na reki yako bado. Ina uzito ule wote, inazama mpaka fremu inapotea. Meno mafupi hayasaidii kitu, inakwenda nzima nzima. Inalima, dada. Umetuletea plau."

Nilisimama pale kanga imenishika miguuni, na nadhani masikio yalikuwa yanawaka. Karakana nzima ya watengeneza plau ilikuwa imekiweka chombo cha majini kwenye ardhi kavu ya Ihumwa, ikapiga makofi, na kiongozi wa makofi nilikuwa mimi. Eda hakucheka. Alikuwa ameshafikiria zaidi yangu.

"Ukiiwekea chini kitu kipana, huku na huku, kama miguu ya bata, haitazama," alisema, akinionyesha upana kwa viganja. "Bata anatembea kwenye tope hili hili. Kuku hawezi."

Tulikuwa tumesimama kando ya mtumbwi wake. Ndani mlikuwa na kasia, ndoo ya kukumbia maji, na jiwe kubwa lililofungwa kamba ya katani. Niliuliza la nini. "Nanga," akasema, akinishangaa, kama mtu aliyeulizwa mlango ni wa nini.

Nilimwambia nitalifanyia kazi. Mnajua maana ya maneno hayo ofisini. Reki ilikuwa imeshachaguliwa kupelekwa kwenye maonyesho ya wakulima, bango lilikuwa limeshachapishwa na picha yangu juu yake, na nilijiambia nitasema baada ya maonyesho. Wale wanawake niliwaambia waendelee, ila wavute taratibu. Waliendelea, kwa sababu fundi amesema.

Kabla sijasema lolote, wavuvi wa perege wakalalamika. Wakaguzi wakaenda, wakainua reki moja ikiwa kazini, wakakuta tope, magamba machanga yaliyosagika, na maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa kutoka mtumbwini hadi ukingoni. Tukaitwa kikaoni. Nakumbuka meza ile ilikuwa na vikombe vya chai ambavyo hakuna aliyevigusa. Mkubwa wetu aliuliza swali moja tu.

"Mwanaidi, tatizo ni chombo au ni watumiaji?"

Shabani alikuwa amekaa mkabala nami. Alikohoa. Pengine alikuwa na kikohozi, sitajua kamwe. Mimi nilichokisikia ni "hiyo itakuwa ya Mwanaidi". Nikafungua mdomo na kusema, "Nilipofika kule niliona ndani ya mtumbwi wao kuna jiwe kubwa limefungwa kamba."

Itazameni sentensi hiyo vizuri. Kila neno ndani yake ni kweli. Sikusema jiwe lilifungwa kwenye reki, wala sikusema ni nanga. Wote waliokuwa mezani walikuwa watu wa nchi kavu kama mimi, na hakuna kati yao aliyewahi kupanda mtumbwi. Mmoja akasema, "Ahaa! Kumbe wanaitwisha mawe izame zaidi!" Mwingine akasema tamaa ya watu haina dawa. Niliwaachia waseme wao, na waliposema sikuwakatiza. Baadaye niliombwa niiandike ile sentensi kwenye ripoti, nikaiandika, nikaweka na koma mahali pake.

Kibali cha kikundi kikasimamishwa kwa misimu miwili. Barua iliyokwenda kijijini ilitaja jiwe. Mama Nyemo alinipigia simu wiki iliyofuata. Nilidhani anataka kunitukana, na ningemshukuru.

"Dada fundi, tumekukosea sana," alisema. "Lakini tumeshampata mtu. Ni Eda. Mtumbwi wake, jiwe lake. Tumemtoa kikundini."

Niliuliza, "Yeye anasemaje?"

"Anasema ni nanga. Hata sisi tunajua lile jiwe ni nanga, lakini barua ya serikali haiwezi kutaja jiwe bure. Itakuwa alilifunga siku ambazo sisi hatupo."

Hapo pia palikuwa na nafasi. Mama mzima alikuwa anayakana macho yake mwenyewe kwa sababu karatasi yangu imesema, na mimi niliyeiandika karatasi nilikuwa kwenye simu ile ile. Nilisema, "Poleni sana." Ndicho nilichosema, na nikakata simu nikaenda kunawa uso.

Nilirudi kwenye kazi kwa nguvu ya mtu anayekimbia. Nyuma ya karakana nilichimba shimo, nikajaza mfinyanzi na maji mpaka likawa uji, nikalikoroga kila asubuhi lisigande. Mafundi waliliita bwawa la Mwanaidi. Fremu niliipunguza uzito nusu. Chini yake, kulia na kushoto, niliweka bapa pana mbili zilizopinda mbele, kama nyayo. Meno niliyafanya yaweze kupandishwa na kushushwa kwa nati, ili mvutaji mwenyewe ayapime kulingana na tope la mahali pake. Reki ikapita juu ya uji ule kwa wepesi, ikachota ya juu tu, ikaacha nyuma alama ambayo maji yaliifuta mara moja. Ni chombo kizuri. Hata leo ninasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu wazo lililokifanya kiwe kizuri si langu.

Mzee Lameki, ambaye alikuwa ameshastaafu, alipita siku ile kutusalimia. Akazunguka reki mara mbili, akaweka kiganja juu ya unyayo mmoja wa bapa.

"Mwanaidi, kama kosa lilikuwa jiwe, hizi nyayo za nini?"

"Tahadhari tu, mzee."

Aliniangalia kwa jicho lile lile alilotumia kuangalia mwanga kati ya bapa na rula. Kisha akavaa kofia yake, akasema anawahi mazoezi ya kwaya. Hakuniuliza tena. Nilikuwa namtembelea kila sikukuu yao hadi alipofariki, nikimpelekea sukari na majani ya chai, na kila mara nilitoka bila kusema.

Mengine mnayajua. Reki ilikwenda kwenye mabwawa mengine, ikapewa jina langu, na nikaambiwa niandike mwongozo. Nikauandika. Kanuni ya sita, ninyi nyote mnaijua kwa moyo: watumiaji wasifunge mawe juu ya reki. Niliiweka kwa sababu mkubwa aliuliza mbona mwongozo hausemi lolote kuhusu lile tukio. Kwa hiyo kwa miaka minane karakana yetu imekuwa ikisafiri kijiji hadi kijiji ikiwakanya kina mama wasifanye kitu ambacho hakuna mwanadamu aliyewahi kukifanya. Mahali fulani mzee mmoja alinyoosha mkono akauliza kwani jiwe lingefungwa wapi, mbona hakuna pa kufungia. Alikuwa amesema kweli tupu. Nilimjibu kuwa swali lake ni zuri.

Miezi miwili kabla ya kustaafu, ratiba ya mafunzo ilitupeleka kijiji kile kile. Kikundi cha Mama Nyemo kilikuwa kimesharudishiwa kibali na kinatumia reki mpya. Neema ndiye aliyefundisha, na anafundisha vizuri, huwa anachomekea vichekesho. Alipofika kanuni ya sita akasema, "Kuna kina mama wa mahali fulani, jamani, walifunga jiwe kubwa hivi!" Akapanua mikono. Kila kijiji huwa wanacheka hapo. Pale hakucheka mtu. Mama Nyemo aliangalia chini. Wawili watatu waligeuza shingo kuelekea barabarani, nami nikageuka kuona wanachokiona.

Eda alikuwa amekaa kando ya barabara kwenye kivuli cha turubai, mbele yake rundo la kokoto, anagonga mawe kwa nyundo. Tangu atolewe kikundini hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mtumbwi ulikuwa umeshaoza. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia kila neno kupitia kipaza sauti cha Neema. Hakuinua kichwa, aliendelea tu kugonga, na mimi nilipanda gari la ofisi nikapita mbele yake kioo kikiwa kimefungwa. Neema aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema ni jua.

Nilipokabidhi funguo za kabati langu nilidhani nitapumzika. Sikupumzika. Nilikwenda ofisini nikamwomba Neema aifute kanuni ya sita, akauliza kwa sababu gani, nikakosa pa kuanzia, ndipo akaleta daftari akasema basi mama andika. Lakini niliona kuwaandikia ninyi kabla ya kumwambia Eda ni kuendelea kupita na kioo kimefungwa. Kwa hiyo nilipanda basi, nikashuka pale kwenye kokoto.

Alikuwa nyumbani siku hiyo, anapepeta karanga. Alinipa kigoda. Nikamwambia yote: mkono kwenye tope, kikao, sentensi, simu ya Mama Nyemo. Yeye hakuacha kupepeta.

"Hiyo habari ninayo," alisema nilipomaliza. "Mimi nilikuwa mtumbwini."

"Nimekuja kukuomba msamaha, Eda."

"Nimesikia."

"Na zile nyayo za reki, ni wazo lako. Sikulisema popote."

"Nimeziona. Ni nzuri." Akatupa makapi pembeni. "Umezifanya pana kidogo kuliko nilivyokuonyesha."

Akaweka ungo chini, na kwa mara ya kwanza akaniangalia usoni.

"Msamaha wako hauwezi kukaa humu ndani, dada. Mimi sina cha kuufanyia. Binti yangu aliolewa watu wakisema ni mtoto wa yule wa jiwe. Wale wa kikundi ndio hawajui. Leo jioni wana kikao. Nenda ukawaambie, mimi nitakuja nikusikie."

Wanakutana kwenye chumba cha ghala la kikundi, kati ya magunia ya magamba. Mama Nyemo ameshazeeka, lakini bado anaendesha kikao kama hakimu. Alifurahi kuniona, akaniita mgeni rasmi, akataka niletewe kiti chenye egemeo. Nilisema nitasimama. Eda aliingia mwisho, akasimama karibu na mlango, na watu wakasogea kidogo kumwachia nafasi, ile nafasi ambayo mtu haachiwi kwa heshima.

Nilisema. Sikusema vizuri, nilirudia mambo na kuruka mengine, lakini nilisema reki ilikuwa mbovu, niliitengeneza mimi, Eda alinionyesha ubovu wake na dawa yake, na mimi nikataja jiwe lake nikijua ni la nini.

Mama Nyemo alizungumza taratibu. "Mimi nilikupigia simu."

"Ulinipigia, mama."

"Nikakwambia, Eda anasema ni nanga."

"Uliniambia."

"Ukasema poleni."

"Ndiyo."

Akavuta kanga yake, akafunika uso, na mabega yakaanza kutikisika. Mama yule hakuwa na kosa isipokuwa kuniamini, na sasa alikuwa na aibu ya kubeba ambayo niliitengeneza mimi na kumletea mpaka ghalani kwake. Wengine walikuwa wakiangalia sakafu, wakiangalia magunia, wakiangalia popote ambapo Eda hayupo. Nilitaka kukaa.

"Usikae," Eda akasema kutoka mlangoni. "Lile jiwe lilikuwa la nini, fundi?"

"La nanga."

"Sema tena. Waliokaa nyuma hawajasikia."

Nikasema tena.